Maisha ya Mzee Herufi, Mcheza Maneno Aliyesingiziwa Wizi

Marehemu, ambaye ninyi nyote mlimwita Mzee Herufi mpaka jina lake la shule likasahaulika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa mtoto wa nne kwa mama yake na wa kwanza kupona. Baba yake alikuwa mchemsha mafuta humo kiwandani. Watu hudhani kiwanda cha sabuni kinanukia. Thubutu! Kinanuka mafuta ya ng'ombe yaliyochacha, na harufu hiyo inaingia kwenye mito, kwenye nywele, mpaka kwenye maziwa ya mtoto. Marehemu alikulia ndani ya uvundo huo, na akauchukia mpaka kufa. Shati akilivaa asubuhi halirudii kesho. Jasho likimtoka kazini anarudi nyumbani kubadilisha, bosi apende asipende.

Alianza shule ya msingi mwaka 1959. Kiingereza alikipata hivi hivi, maana mwalimu wao alifundisha kwa fimbo, na mtoto anayepigwa hashiki maana ya neno. Yeye alishika sura yake. Alijua neno fulani lina herufi tano na ya katikati ni R, hata kama hajui ni jina la mnyama au la ugonjwa. Wenzake walimcheka. Dada zake wanasema alikuwa akisoma maandishi ya kwenye maboksi ya chaki na ya dawa ya viroboto, anahesabu kwa vidole huku midomo inatembea kama mtu anayesali. Aliacha shule mwaka 1966 baba yake alipoungua mkono kwa mafuta ya moto, na nyumba ikataka mtu wa kuleta chakula.

Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kwanza kufagia, kisha akawekwa kwenye kupanga herufi. Vijana wa leo hawaijui kazi ile. Herufi zilikuwa vipande vya madini ya risasi, kila moja na chumba chake ndani ya droo ya mbao, na mpangaji anaziokota moja moja kwa vidole, anazipanga kinyumenyume, mstari mmoja baada ya mwingine. Mstari lazima ujae. Ukipungua, ukurasa unalegea na herufi zinamwagika. Sasa tangazo likija la Kiingereza na mstari umezidi, msimamizi anapaza sauti toka upande wa pili, "Herufi! Nipe neno fupi hapa!" Naye anajibu bila kuinua kichwa, "Toa LARGE, weka BIG!" Hapo ndipo lilipotoka jina lake. Hakuwa mnyenyekevu hata kidogo, tusidanganyane kwa kuwa amekufa. Alijisifu mpaka watu wakahama meza. Na alikosea pia, akabisha, na alipothibitishiwa kwamba amekosea alinuna mpaka jioni.

Mwaka 1994 mashine mpya zilipokuja, zile herufi zilikorogwa pamoja kwenye magunia, kubwa na ndogo, zikauzwa kama vyuma chakavu. Marehemu aliletwa nyumbani siku hiyo akiwa ametapika. Hakuwa amelewa. Alisema ni kama kuona mtu anamwaga mboga, kinyesi na dawa kwenye chungu kimoja. Walimhamishia kwenye kufunga vifurushi, akafunga vifurushi mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006.

Alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1975. Mkewe alikuwa dobi katika nyumba ya wageni mtaa uleule wa kiwanda cha uchapaji, na walijuana kwa sababu ya mashati yake. Mwanamume gani analeta shati safi lifuliwe? Mwanamke akamrudishia dirishani, akamwambia, "Kaka, hili halijachafuka."

"Limevaliwa," akasema.

"Limevaliwa saa ngapi, wakati wa kula chakula?"

"Dada, wewe fua. Mimi nitajua cha kufanya na usafi wangu."

Alirudi kila siku mpaka madobi wa pale wakamwita bwana harusi kabla hajasema lolote. Msimamizi wake siku ya ndoa alikuwa rafiki yake wa utotoni, mwalimu wa udereva, ambaye miaka ya baadaye ndiye huyu mnayemwita Mwenyekiti, na ambaye amesimama hapa na suti nyeusi. Aliimba sana siku ile. Alimshika marehemu mabegani akasema mbele ya watu, "Huyu ni ndugu yangu, atakayemgusa amenigusa mimi." Watu wakapiga vigelegele. Mkewe naye alipiga. Maneno matamu hayana bei.

Maisha ya ndani ya nyumba yalikuwa mazuri, ila vile vigae vya herufi vya kuchezea maneno. Marehemu alivichonga mwenyewe kwa mabaki ya mbao, akavitia rangi, akavieneza kwenye meza ya kulia. Ukitaka kupakua chakula kwanza uondoe alfabeti. Mkewe hakusoma sana, lakini herufi anazijua na akizitamka polepole zinatoka. Siku moja akakuta mezani pamepangwa TALAQ. Akatamka. Akarudia. Akaweka sufuria chini.

"Talaka ya nani humu ndani?"

"Ya Waingereza, mama. Ni neno lao, limo kwenye kamusi yao. Nilikuwa natafuta la herufi tano lenye Q na halina U."

"Wana ya kwao wakaja kuchukua na ya kwetu?"

Marehemu alicheka mpaka akakaa sakafuni. Lakini vile vigae vililala ndani ya ndoo ya maji mpaka alipotafuta neno lingine lenye Q, lisilofukuza watu nyumbani.

Mwaka 1998 yeye na Mwenyekiti walianzisha Chama cha Mchezo wa Maneno, ule ambao mtu anachovya vigae saba vya herufi na kuvipanga ubaoni viwe neno la Kiingereza. Walikodi chumba juu ya karakana ya baiskeli. Mkewe alipanda ngazi zile mara chache na kila mara alitamani kushuka. Wanaume wazima, wenye wajukuu, wamejifungia kwenye chumba chenye harufu ya soksi na grisi, wanalamba vidole ndipo waokote vigae, wanabishana mpaka mate yanarukia ubao juu ya maneno ambayo hata wenye lugha hawayasemi. Wana choo kimoja, mwisho wa korido, mlango hauna komeo, sakafu haikauki. Mtu anatoka humo anajifuta kwenye suruali na kurudi moja kwa moja kwenye vigae. Ukiuliza, wanakwambia ni mchezo wa akili.

Lakini marehemu alikipenda chama kile, na kwa sababu hiyo mkewe alimpigia pasi shati la kila Jumamosi kwa miaka ishirini na mitano.

Kisha zikaja simu hizi. Simu ya siku hizi unaiandikia tu: nataka maneno ya herufi saba, yawe na O na L. Hapo hapo inakutapikia ukurasa mzima. Fundi saa, mwanachama wao, alinaswa chooni ameishika, anasoma huku suruali haijashuka hata kidogo. Wakamfukuza, na walifanya vizuri. Wakaweka sheria kwamba kila anayeingia anaacha simu yake kwenye kikapu mlangoni. Marehemu ndiye aliyekileta kile kikapu kutoka nyumbani kwake.

Sasa tufike kwenye ugonjwa. Binti yao, mshonaji, alitaka iandikwe kama wanavyoandika wote, kwamba marehemu aliugua kwa muda mfupi. Mama yake akamwuliza, "Mfupi kwa nani? Kwako uliyekuwa unakuja Jumapili?" Marehemu aliugua miaka mitatu. Ugonjwa wake ulikuwa saratani ya utumbo mpana, na imeandikwa hapa kwa jina lake kwa sababu ni ugonjwa, si tusi.

Ulianza mwaka 2022 kwa tumbo kukata na kumpeleka haja ghafla, mara nyingi, na damu. Mtu yule, wa shati moja kwa siku moja! Alikuwa anaona kinyaa na mwili wake mwenyewe. Hakutaka daktari amguse, hakutaka watoto wajue. Alimwapisha mkewe kwamba halitatoka mdomoni mwake. Mkewe alikuwa dobi, ameshafua mashuka ya wageni ambayo shetani mwenyewe angeyachoma. Hakushtuka. Alifua, alianika ndani ili majirani wasione, na kila Jumamosi alimfungia mfuko mdogo mweusi wa kwenda nao chamani. Ndani mlikuwa na suruali ya ndani safi, vitambaa vilivyokunjwa na kipande cha sabuni. Marehemu aliubana kwapani kama mtu aliyebeba hati za shamba.

Na humo chooni, maumivu yakimshika, alikuwa na dawa yake. Alimweleza mkewe mwenyewe. Alisema, "Naondoka mezani nimezishika herufi zangu kichwani. Tumbo likianza kukata, nazigeuza. Naziweka hivi, naziweka vile. Mtu hawezi kutafuta neno na kusikia maumivu kwa pamoja. Likipatikana neno, na tumbo limetulia." Basi ni kweli kwamba marehemu alikuwa anatoka chooni na maneno marefu. Na kila maumivu yalivyozidi, alikaa zaidi, na neno likawa refu zaidi.

Wenzake waliona hayo, wakafanya hesabu yao. Huyu akikaa sana anarudi na neno kubwa, basi humo ndani ana simu. Watu walioketi naye robo karne! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza mbona amekonda, mbona suruali inashikiliwa na mkanda tu. Walijua kila neno lenye Q, lakini mtu anayekauka mbele ya macho yao hawakumsoma. Kinyozi, mwanachama mwenzao, ndiye aliyetumwa kusikiliza. Hebu fikirini. Mtu mzima, baba wa watoto, anakwenda kubandika sikio kwenye mlango wa choo ambamo mgonjwa anahangaika, kisha anarudi kutoa ripoti kwamba amesikia kitu kinafunguliwa!

Siku ya fainali ya mwaka, Jumamosi tarehe 19 Agosti 2023, wake walialikwa. Mkewe alikaa benchi la nyuma. Marehemu alikuwa anacheza na kinyozi, na kinyozi alikuwa mbele kwa alama. Marehemu akageuza vigae vyake kifudifudi kama sheria yao inavyotaka, akaenda zake chooni na mfuko wake. Akakaa sana. Aliporudi, uso umemlowa jasho, alivipanga vyote saba kwa mpigo: TOENAIL. Mkewe alikuja kuuliza baadaye maana yake. Ni kucha ya mguu. Mtu alidhalilishwa mbele ya mkewe kwa ajili ya kucha ya mguu.

Kinyozi alisimama akapiga meza. "Mwenyekiti, mimi sichezi na simu! Nacheza na mtu!"

"Simu yangu ipo kikapuni," akasema marehemu.

"Hiyo ni ya kuonyesha. Ile ya kazi imo humo kwapani."

Mwenyekiti akaja mpaka mezani, yule wa siku ya ndoa, akanyoosha mkono. Akasema kwa upole, na upole ule ndio uliomchefua mkewe kuliko makelele ya kinyozi, "Mzee mwenzangu, tumalize. Fungua mfuko tu, watu waone."

"Sifungui."

"Kama hamna kitu, unaogopa nini?"

"Sifungui, na hutaugusa."

"Basi umejihukumu mwenyewe, ndugu yangu."

Mkewe alikuwa ameshasimama. Maneno yalikuwa yamefika kwenye meno. Marehemu akamtazama toka kule mezani, akatikisa kichwa kidogo sana, na mkewe akakaa. Hajawahi kukaa kwa shida vile. Walimpa kinyozi kombe. Jina la marehemu walilikwangua kwa kisu kwenye ubao wa mabingwa ukutani, na unga wa ile rangi ukaanguka sakafuni mbele yake. Alishuka ngazi taratibu, mfuko kwapani. Nyuma yake mtu mmoja alisema, "Mwizi mkubwa, kumbe na uzee huu!" na wengine wakacheka.

Mwezi Februari 2024 alizimia bafuni, na hapo ndipo mkewe alipoacha kumsikiliza, akampeleka hospitali. Walimpasua. Daktari alisema wamechelewa. Tangu hapo alikuwa mtu wa kitanda, mara nyumbani, mara wodini.

Katika kitanda kile alicheza na mkewe. Mkewe hajui Kiingereza wala hakitaki. Maneno yale yanamtia kichefuchefu mpaka leo. Lakini alikuwa anakaa kwenye kiti cha plastiki, anachovya mkono kwenye vigae, anamtajia. "Nina A, nina N, nina ile ya duara yenye mkia."

"Hiyo ni Q. Ngapi unataka?"

"Tano."

Naye anafumba macho, uso unakunjuka, wauguzi wanambadilisha shuka bila yeye kuguna. "QANAT," anasema.

"Ni nini hicho?"

"Mfereji wa maji chini ya ardhi. Nadhani."

"Unadhani! Basi shika lingine."

Mwenyekiti alikuja wodini mara moja, mwezi wa Aprili mwaka huu. Alisimama mlangoni. Alikuwa ameziba pua kwa leso, leso iliyopigwa pasi vizuri, mkewe anajua pasi. Hakufika kitandani. Alisema kutoka kulekule, "Mzee mwenzangu, ungekubali kosa tu siku ile tungekusamehe. Sisi si wanyama."

Marehemu akamjibu, "Mwaka jana kombe lilichukuliwa na nani?"

"Kinyozi tena."

"Kwa neno gani?"

Mwenyekiti akamtajia. Marehemu akasema hilo alilijua tangu uchapaji, na halina ujanja. Mkewe alifungua mdomo, mkono wa marehemu ukamkamata kifundo, mkono usio na nyama lakini una nguvu. Mgeni alipoondoka mkewe akalipuka.

"Kwa nini usimwambie? Ungemwonyesha kitanda hiki, akanyamaza maisha yake yote!"

"Nimwambie nilikuwa najiharibia?"

"Ndiyo!"

"Afadhali mwizi, mama. Mwizi wanamkasirikia. Mimi watanihurumia, nao wameziba pua. Hukumwona?"

"Nimemwona. Na jina lako je? Wajukuu wanaambiwa shuleni babu yao mwizi."

Hilo la wajukuu hakuwa analijua. Akageukia ukutani, na mkewe akadhani amelala, kumbe anafikiri. Kisha akasema, "Maadamu niko juu ya ardhi usiseme. Sitaki kuona nyuso zao. Nikishafukiwa, fanya utakavyo, wewe si mtu wa kuzuiwa."

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025 asubuhi, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani. Mkewe alikuwa amemchovyea herufi saba akamtajia. Alizisikiliza zote mpaka ya mwisho. Akasema, "Hapo hakuna neno. Zirudishe." Akazirudisha, akachovya nyingine, na alipoinua kichwa kuzitaja, marehemu alikuwa ameshakwenda.

Wazee walilalamika jana kwamba wasifu husomwa kabla ya mazishi, na karatasi hugawiwa mlangoni, na mbona mama huyu ni mbishi. Ni mbishi kweli. Lakini ahadi ni ahadi. Alisubiri mpaka koleo la mwisho, akaangalia kwa macho yake kwamba kaburi limejaa, ndipo akampa binti yake haya ayasome. Sasa mmesikia. Ndani ya mfuko ule mlikuwa na nguo ya ndani ya mgonjwa. Anayetaka kucheka acheke sasa, mkewe anamtazama.

Marehemu ameacha mke, binti mmoja mshonaji, mtoto mmoja wa kiume dereva wa malori, na wajukuu watano, ambao kuanzia kesho wataingia shuleni vichwa juu. Ameacha dada wawili. Chama cha Mchezo wa Maneno hakimo katika orodha hii, maana chenyewe ndicho kilichomwacha yeye. Shada la maua walilolileta, lililobandikwa vigae vya kuandika BINGWA, lipo pale nje ya ukuta mahali lilipowekwa na mkewe, na waliolileta wanaweza kupita kulichukua wakiondoka. Kaburini halitawekwa. Kama wanataka kuandika kitu, ubao wao uko ukutani, na kisu wanacho; warudishe jina walilolikwangua, kwa mikono yao wenyewe, na watoto waletwe kuona.

Alikuwa na kiburi, alikuwa mbishi, alikuwa msafi, na maneno yote aliyoyapata aliyatoa kichwani mwake. Apumzike kwa amani, bila maumivu ya kuyakimbia.

Maji ya kunawa yako kwenye pipa karibu na lango, na sabuni ipo. Ndugu na majirani watangulie. Chama kinawe mwisho, na kisugue.